Walimu, tuambieni Jumatatu watoto wanajifunza nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na walimu, na wazazi wenzangu nao wasikie. Wiki hii Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, hapa Nkuhungu, Dodoma, wanajifunza vipimo vya urefu: milimita, sentimita, mita na kilomita. Nimelijua hilo Alhamisi jioni, wiki imebakiza siku moja. Mimi ni fundi cherehani. Kutwa futi kamba iko shingoni, na kwenye kapu la vipande vya vitambaa nina nyingine kuukuu, zilizofutika namba au kukatika ncha, ambazo siwezi kuzitumia kwa mteja na roho inagoma kuzitupa. Ningeambiwa Jumatatu asubuhi, zote zingekuwa darasani kabla ya kengele ya uji.

Nilichokiona ni hiki. Kitinda mimba wangu alikuwa ameketi chini ya meza ya cherehani na daftari la Hisabati. Swali lilisema: m 3 sm 5 = sm ngapi? Yeye kaandika 35, mwalimu kampiga mkasi kwa wino mwekundu. Nikamwuliza kaipataje. Akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba tatu ukiiweka na tano inakuwa thelathini na tano. Sikubishana naye. Nikavua futi kamba nikamwambia anionyeshe sentimita 35. Akaikunjua, akashika kwenye 35, akaipima kwenye mkono wake kuanzia ncha ya kidole cha kati. Ikapita kiwiko kidogo tu. Akanyamaza, akaangalia daftari, akaangalia mkono. "Mama, mita tatu haiwezi kuwa fupi hivi!"

Futi kamba ya fundi ina sentimita 150. Tukaitandika sakafuni mara mbili, ikatoa mita tatu. Akaongeza tano, akafika 305 bila mimi kufungua mdomo. Baada ya hapo hakukuwa na amani nyumbani. Alipima meza, mlango, kizingiti, beberu la jirani (lilikataa), na kiuno changu, ambacho majibu yake naomba yasichapishwe.

Kisha akaigeuza ile futi kamba na kukuta upande wa pili namba zinaishia 60. Huo ndio upande tunaofanyia kazi mafundi wengi, wa inchi. Akataka kujua kwa nini mwalimu hajawaambia. Nikamjibu kwamba mwalimu yuko sawa, kitabu kinasema sentimita. Lakini akienda kushonewa kaptula ya shule atasikia "kiuno 24", na hiyo ni inchi, kwa sababu sentimita 24 hata paka haimzunguki vizuri. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu na ushee kidogo. Aliyalinganisha mwenyewe, upande kwa upande, mpaka taa ikazimwa.

Simlaumu mwalimu wake. Kiwango cha serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na darasa la mwanangu limepita mia. Kuna rula ya mbao ya mita moja inayozunguka madarasa, na kwa maelezo ya mwanangu wiki hii ilikuwa kwa wakubwa. Mwalimu akafanya alichoweza: akachora rula ubaoni kwa chaki, kubwa, ili na wa dawati la nyuma waione. Sasa sentimita ya ubaoni ina upana wa kiganja. Mtoto anainakili kwenye daftari kwa upana wa kidole. Mwenzake anainakili kwa upana wa punje ya mahindi. Kila mmoja anaondoka na sentimita yake, na wote wanaambiwa 100 zinafanya mita.

Dawa ya hapo haikuhitaji bajeti. Ilihitaji mtu mmoja aniambie.

Na njia za kuambiana zipo. Tunalo kundi la WhatsApp la wazazi. Lifungue uone: mchango wa chakula, mchango wa mitihani ya kujipima, posho ya mlinzi, kikao Jumamosi saa tatu bila kukosa, sweta la kijani limeokotwa. Nenda shuleni usome ubao wa matangazo: mapato na matumizi ya ruzuku, mwalimu wa zamu, majina ya kamati ya shule. Hayo ya mapato na matumizi nayapongeza, maana zamani tulikuwa hatuyaoni. Ila katika kusoma kwangu kote ubao ule sijawahi kukuta mstari unaosema: wiki hii la kwanza wanasoma silabi hizi, la tatu wako kwenye urefu, la tano wako kwenye misafara ya biashara ya zamani. Najua shule imepokea kiasi gani robo hii, na sijui inafundisha nini kesho.

Sisi wazazi nasi tumechangia tatizo hili. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wengi wetu tumejiwekea kwamba shule ni ya serikali, na mzazi huitwa pesa inapopungua. Mtoto akirudi swali ni moja: umekuwa wa ngapi? Akisema wa sita kati ya mia na kitu tunafurahi, akisema wa sabini tunafoka, na katika hali zote mbili hatujui alikuwa wa sita katika kitu gani.

Enzi zangu mambo yalikuwa tofauti kidogo, tena si kwa sababu wazazi wetu walikuwa werevu kuliko sisi. Tuliomaliza la saba mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa na shamba la shule, lililotokana na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Tukiambiwa tuje na majembe, mtaa mzima unajua leo wanalima. Tukiambiwa sindano na uzi, mama anajua ni Sayansikimu, somo la mapishi na ushonaji, na anakupa sindano isiyo na kutu. Somo lilipita kwanza nyumbani kuomba vifaa. Sitaki turudishwe shambani, nilichapwa sana kule. Nasema tu kwamba taarifa ilikuwa inafika.

Leo inatakiwa ifike zaidi, kwa sababu mtaala wenyewe si tuliousoma. Ulianza kubadilishwa Januari 2024. Wadogo zetu walisoma Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi. Hawa wana Jiografia na Mazingira, wana Historia ya Tanzania na Maadili, wana Sanaa na Michezo. Kitinda mimba wangu hatafika la saba, elimu ya msingi kwake inaishia la sita. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao, na mzazi mwenye simu anasoma bure. Nimeingia, vipo. Kitabu ninacho, ukurasa ndio sina.

Nina mteja ambaye ni mwalimu, shule nyingine kabisa. Alipokuja kuchukua gauni lake nilimlalamikia haya, akacheka, akatoa kwenye mkoba azimio la kazi. Kwa wasiolijua: ni jedwali ambalo mwalimu huliandaa kabla muhula haujaanza, likionyesha mwezi, wiki, mada, idadi ya vipindi, rejea, na safu ya zana za kufundishia. Kwa kila somo, wiki kwa wiki. Kazi niliyokuwa naiombea imeshafanywa, imo kwenye mkoba! Nikamwomba anisomee vipimo vya urefu. Kwenye safu ya zana alikuwa ameandika: rula, kamba, futi kamba.

Futi kamba, Mhariri. Imeandikwa, imesainiwa na mwalimu mkuu, na huku sisi mafundi tumejaa barabara nzima ya kwenda shuleni.

Tukipewa mstari mmoja tu, mtaa unaweza kutoa zaidi ya futi kamba. Jirani yangu ni mzee aliyestaafu reli. Nilipomsimulia habari ya m 3 sm 5 aliweka kikombe cha chai chini akaanza. Reli ya zamani ya kati, ile inayopita katikati ya mji wetu, nafasi kati ya chuma na chuma, ukipima upande wa ndani, ni mita moja kamili. Ndiyo maana wenyewe wanaiita reli ya mita. Ya SGR, ile reli mpya ya treni ya umeme, ni milimita 1,435. Nikamgeukia mwanangu: hizo sentimita ngapi? Alihangaika, akakata sifuri ambayo haikuwepo, akafika: 143 na nusu. Basi futi kamba yangu moja inavuka reli ya SGR na kubakiza sentimita sita na nusu mkononi. Jambo hilo mzee kakaa nalo kichwani miaka yote na hakuna darasa lililomwita. (Naomba sana watoto wasipelekwe kupima kweli. SGR ina uzio na ina umeme, na reli ya zamani nayo si uwanja wa michezo. Wazichore uwanjani kwa chaki, moja kando ya nyingine.) Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma 2024 watoto wanaizungumzia kutwa. Kwenye maswali ya daftarini bado kuna mtu anakata kamba vipande vinne.

Kilomita nazo tunazo mlangoni. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji letu ina urefu wa kilomita 112 na mita 300, na imegawanywa vipande viwili: Nala, Veyula, Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa, kilomita 52 na mita 300, halafu Ihumwa, Matumbulu hadi Nala, kilomita 60. Hapo kuna kujumlisha, kuna kutoa, kuna kubadili kilomita kuwa mita, na kila dawati lina mtoto ambaye baba yake anaendesha tipa, bajaji au bodaboda katika maeneo hayo. Njia ya kurukia ndege ya uwanja mpya wa Msalato ni mita 3,600. Ni kilomita ngapi na mita ngapi? Mtoto wa Dodoma akiulizwa hivyo anainua kichwa.

Hata mvua ni urefu, jambo ambalo mwanangu hakuliamini mpaka nilipomwekea kopo. Hapa kwetu tunapata takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Maana yake maji yote ya mwaka yangesimama palepale yaliponyesha, yasitiririke wala kunywewa na ardhi, yasingemfika mtoto wa la tatu kiunoni. Mkulima yeyote wa alizeti au uwele wa Bahi na Chamwino anaweza kusimama mbele ya darasa akaeleza kinachotokea milimita hizo zikipungua. Hahitaji cheti.

Binti wa dada yangu ninayeishi naye yuko la tano. Yeye wiki hii, kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, wako kwenye misafara ya biashara ya karne ya 19. Anakariri: Bagamoyo, Tabora, Ujiji; pembe za ndovu, watumwa, nguo, shanga. Nikamwambia alete ramani. Ule mstari kutoka Bagamoyo kwenda Tabora umepita hapahapa tunapolala. Misafara ilipumzika Mpwapwa kwenye maji, ikajipanga, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, na humo watemi wa Kigogo waliitoza ushuru kabla ya kuiachia maji na njia. Ushuru ulilipwa kwa shanga, kwa waya, na zaidi kwa nguo, merikani na kaniki, zikihesabiwa kwa doti. Doti ya wakati ule ilikuwa dhiraa nane, kama yadi nne hivi. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Yule mdogo akasikia kiwiko, akaruka. Alikuwa ametoka kukipima! Kumbe la tatu na la tano walikuwa kwenye somo moja wiki hiihii, vyumba viwili vinavyopakana, wamekatwa na ukuta. Nikawapa kipande cha kitambaa wakipime kwa dhiraa, kila mmoja kwa mkono wake. Yeye mwenye mkono mfupi akapata dhiraa nyingi, dada mtu chache, wakaanza kugombana nani angelipa ushuru mdogo kwa mtemi. Ugomvi ule ulinifurahisha kuliko ripoti ya muhula.

Najua yatakayosemwa. Mwalimu mmoja ameshaniambia kwamba wazazi wakijua ratiba watageuka wakaguzi: mbona Jumanne hamkufundisha, mbona mko nyuma ya shule fulani. Wapo wazazi wa hivyo, siwatetei. Kuna mtu alikuja kwangu kupima pindo la sketi kwa rula yake mwenyewe. Lakini mkaguzi wa namna hiyo daftari analo tayari, anaweza kukagua atakavyo. Mwalimu akiugua, akiwa kwenye semina, mada ikisogea wiki mbele, aandike hivyohivyo: tumesogeza. Tutaelewa. Sisi wenyewe tunasogeza tarehe za wateja kila siku, na hatuandiki sababu.

Lingine ni kwamba si kila mzazi ana simu janja, na wengine hawasomi. Kweli, hasa ukitoka mjini. Ndiyo maana sisemi WhatsApp peke yake. Ubao wa shule upo. Ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji ina ubao wake, mara nyingi una tangazo moja la chanjo lililopauka. Na mtoto mwenyewe ana mdomo: mwalimu akimaliza kipindi cha mwisho Ijumaa awaambie, "Jumatatu tunaanza uzito, kamwambieni nyumbani." Mama anayeuza karanga kwa kisado kwenye mnada wa Msalato anaweza asijue kuandika jina lake, ila kuhusu ujazo na uzito hadanganyiki na mtu.

Wazazi nao wasichukue mlango huu kumfundisha mwalimu kazi. Ukiambiwa ni sentimita, toa vya sentimita. Inchi zako na hadithi zako za misafara zisubiri mwalimu akuite, au zifanyie nyumbani kama nilivyofanya mimi.

Ninachoomba kwa shule ya kwetu, na kwa nyingine za Dodoma zitakazosoma hapa, ni karatasi moja kila Jumatatu. Darasa, somo, mada, na ile safu ya zana kama ilivyo kwenye azimio. Na wewe Mhariri, ukurasa wa watoto unao mwisho wa wiki; punguza fumbo moja la maneno ututengee kipande cha mada za wiki inayofuata, hata kwa darasa moja moja.

Kwa sasa, mwanangu anasema wiki ijayo wanaingia uzito. Nimeshaongea na muuza mchele wa jirani. Ana mizani ile ya sahani mbili na mawe yake ya robo, nusu, kilo na kilo mbili, amekubali kuiazimisha asubuhi yoyote isipokuwa Jumamosi. Mwalimu atume watoto wawili wenye nguvu, ni ya chuma. Futi kamba nimezifungia kwenye mfuko wa kitenge, ziko barazani kwangu. Zile zilizokatika ncha na kuanzia 12 asizitupe: anayepima nazo itabidi atoe 12 kila mara, na kutoa walishasoma.

Fundi cherehani,
Nkuhungu, Dodoma